Feni za PC uliyoiunda mwenyewe: uziongoze kwa BIOS, programu, kidhibiti cha nje au waya wa kupunguza kasi?

Wadau, habari za saa hizi. Hii ni ya yule aliyeunda PC yake mwenyewe, imewaka, inapiga kazi vizuri, ila feni ndo zinamkera. Ama zinavuma muda wote kama pangaboi lililofunguliwa mpaka mwisho, ama zinapanda na kushuka kila sekunde chache hata ukifungua brauza tu, ama ziko kimya kabisa afu ukigusa kioo cha kesi unakuta kina moto. Ukiuliza watu unapewa majibu manne: ingia BIOS (ile kurasa ya mipangilio ya mazabodi unayoifungua kabla Windows haijawaka), weka programu, nunua kidhibiti, chomeka waya wa kupunguza kasi. Yote manne yanafanya kazi, tatizo ni kwamba hayatibu ugonjwa mmoja, na ndo maana mtu anafuata ushauri uliomsaidia mwenzake yeye haumsaidii.

Mashine ninayotolea mfano ni yangu, prosesa Ryzen 5 5600 na kadi ya picha RTX 3060, feni tatu za Arctic P12, mbili mbele zinavuta hewa na moja nyuma inatoa. Ipo chumbani, Dar, na mchana wa Januari chumba kinafika nyuzi 31 hadi 32 bila AC. Usiku naediti video za harusi mtoto amelala hatua tatu kutoka kwenye meza, kwahiyo kelele kwangu ni jambo zito kweli na nimezijaribu njia hizi moja moja mpaka nikajua kila moja inaishia wapi.

Kabla ya yote angalia pini

Chungulia kichwa cha waya wa feni. Feni ya pini nne ni PWM, inapewa voltu 12 muda wote na pini ya nne ndo inabeba amri ya kasi, mapigo ya umeme kama 25,000 kwa sekunde. Feni ya pini tatu haina hiyo waya ya amri, ukitaka ipunguze mwendo inabidi upunguze voltu zenyewe, na ndo hiyo BIOS nyingi zinaiita DC. Pini ya tatu kwenye zote mbili ni ya kurudisha taarifa, feni inatuma mapigo mawili kila ikizunguka mara moja, mazabodi inahesabu inakuonyesha mizunguko kwa dakika.

Nalisema hili mapema kwasababu malalamiko mengi ya "feni zangu hazisikii" yanaishia hapa: feni ya pini tatu imechomekwa sehemu ambayo BIOS imeiseti PWM, basi inakula voltu 12 zote na kukimbia mwisho wa uwezo wake. Badilisha iwe DC na inatulia hapo hapo, hujanunua kitu. Kinyume chake, feni ya pini nne ukiiendesha kwa DC itafanya kazi ila voltu zikiwa ndogo sana inaweza isianze kuzunguka.

Na safisha vumbi kwanza. Chujio la mbele likiziba hakuna mpangilio wa kasi utakaokuokoa, utakuwa unaongeza kelele tu.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza, na kwangu ndo kikubwa kuliko vyote: feni inasikiliza joto la nani? Prosesa yangu imepangiwa wati 65, kadi ya picha wati 170. Kwenye gemu kadi ndo inatoa joto zaidi ya mara mbili ya prosesa, lakini feni za kesi kwa kawaida zinatazama sensa ya prosesa. Matokeo yake prosesa iko nyuzi 60 haina shida, feni za mbele zinatembea taratibu, na kadi inajipika yenyewe, feni zake zinapiga kelele kwasababu inavuta hewa ambayo imeshapata moto ndani ya kesi. Mtu anasikia kelele anadhani kadi ni mbovu kumbe hailetewi hewa baridi.

Cha pili, ikifeli inakuwaje, maana umeme wetu unakatika na Windows zinaganda.

Cha tatu, gharama na usumbufu.

Cha nne, chumba. Joto la chumba linajumlishwa karibu nyuzi kwa nyuzi kwenye joto la vifaa. Mtu wa Uingereza chumba chake kiko nyuzi 20, wewe uko 31, tofauti ni nyuzi 11, na zitaonekana kwenye prosesa yako hata kama kila kifaa mmenunua kinafanana. Kwahiyo ukikopi mstari wake wa kasi (ule mchoro unaoiambia feni joto likifika hapa iende kasi hii) unaoanza kupanda kwenye nyuzi 40, feni zako hazitatulia hata siku moja, kwasababu mashine yako ikiwa imekaa tu haifanyi kitu iko 45 au 48. Mimi nilikaa wiki nzima na mstari wa namna hiyo nikidhani nimenunua feni mbaya.

1. BIOS

Karibu kila mazabodi ya miaka hii inayouzwa kwa watu wa kuunda wenyewe ina ukurasa wa feni: ASUS wanaita Q-Fan, Gigabyte na MSI wanaita Smart Fan. Unachora mstari, joto huku, asilimia ya kasi huku, unahifadhi, unatoka.

Inasikiliza nani? Hapa ndo udhaifu wake. Nyingi zinakupa sensa ya prosesa na sensa ya mazabodi, chache zinakupa sehemu ya kuchomeka kasensa ka waya. Joto la kadi ya picha kwa kawaida haliioni kabisa. Unaweza kuzunguka kidogo kwa kuzipa feni za mbele sensa ya mazabodi badala ya prosesa, kwasababu kesi ikipata moto kutokana na kadi, mazabodi nayo inapata moto, ila inachelewa, dakika kadhaa zinapita.

Ikifeli? Hapa BIOS ni ya kuaminika kuliko zote. Inaanza kazi kabla ya Windows, ukiweka Linux inaendelea, Windows ikiganda inaendelea. Lakini kuna jambo moja la kwetu huku. Mazabodi ina betri ndogo ya CR2032 inayotunza mipangilio, na kama ni mazabodi ya mtumba betri inaweza kuwa imeshachoka, sasa wewe una tabia ya kuzima swichi ya ukutani kila usiku au umeme umekatika, asubuhi unawasha mipangilio yote imefutika na feni zimerudi za kiwandani. Kusasisha BIOS nako kunaweza kufuta. Badilisha betri, na mstari wako upige picha na simu.

Gharama hakuna. Usumbufu ni kwamba kila ukitaka kurekebisha kidogo inabidi uzime uwashe, na huwezi kusikiliza kelele ukiwa ndani ya gemu.

Kwa chumba cha joto mimi nimeweka hivi feni ya prosesa: mpaka nyuzi 55 asilimia 30, nyuzi 70 asilimia 55, nyuzi 80 asilimia 80, nyuzi 86 mwisho. Ryzen 5 5600 ukomo wake ni nyuzi 90 kwahiyo nina nafasi. Angalia ukomo wa ya kwako, Ryzen 7000 nyingi ni 95, Intel za kizazi cha 12 mpaka 14 ni 100.

Kuhusu ile kupanda-kushuka. Prosesa za sasa zinaruka nyuzi kumi na zaidi ndani ya sekunde moja ukifungua tu faili, lakini chuma cha kupozea juu yake bado hakijapata moto wowote, kwahiyo feni kukimbilia ule mruko haisaidii kitu, inakukera tu. Tafuta kwenye ukurasa ule ule sehemu ya muda wa kusubiri kabla ya kupanda na kabla ya kushuka, iongeze. Kama mazabodi yako inaruhusu muda mfupi tu basi lainisha mstari, usiwe na ngazi kali pale katikati ya 50 na 65. Kwangu marekebisho haya mawili ndo yaliyoleta utulivu mkubwa kuliko kitu chochote nilichonunua.

Inamfaa nani? Anayetaka aseti mara moja asahau, PC ya kazi za ofisi, seva ndogo ya nyumbani, mtu mwenye mifumo miwili kwenye mashine moja, na mtu anayemuundia mzazi au mteja ambaye hatafungua programu yoyote.

2. Programu

Kwa Windows inayotajwa sana inaitwa Fan Control, ni ya bure. Kwa Linux kuna lm-sensors na fancontrol kwa wale wa kuandika amri, na CoolerControl kwa anayetaka dirisha la kubofya. Makampuni ya mazabodi nayo yana programu zao, nyingi ni nzito na zinakuja na vitu vingi hukuviomba.

Inasikiliza nani? Kila mtu! Prosesa, kadi ya picha, SSD, mazabodi, hata diski. Afu unaweza kuchora mstari mmoja wa prosesa na mwingine wa kadi, ukaiambia feni ya mbele ifuate ule ulio juu kwa wakati huo. Hapa ndo tatizo langu la kadi lilipokwisha, nikicheza gemu feni za mbele zinaamka kwasababu ya kadi, nikirenda video (kuitoa iwe faili kamili) kwa prosesa zinaamka kwasababu ya prosesa, nikiandika barua zimelala. Unaweza pia kuweka kwamba isipande mpaka joto lipitilize nyuzi kadhaa, na isishuke mpaka lishuke nyuzi kadhaa, ile kero ya kupanda-kushuka inaisha moja kwa moja. Na unarekebisha huku gemu linaendelea, unasikiliza kwa masikio yako mwenyewe, unajua feni yako ikifika mizunguko 1,100 inaanza mlio fulani unauruka.

Ikifeli sasa. Programu ipo hai pale tu mfumo ukiwa hai. Windows ikiganda, kwa kawaida feni zinabaki kwenye kasi ya mwisho zilizoambiwa, ikiwa ndogo ndo hiyo hiyo. Usiogope moto, prosesa na kadi zinajipunguzia mwendo zenyewe zikifika ukomo, na zikizidi zinazima mashine, lakini hilo sio jambo la kulitegemea kila siku. Kuna pia suala la usalama: programu nyingi za aina hii zilikuwa zinatumia draiva (kiprogramu kinachounganisha Windows na vifaa) inayoitwa WinRing0 ambayo ina udhaifu uliojulikana tangu 2020, na Machi 2025 Windows Defender ikaanza kuizuia, watu wengi wakaamka asubuhi feni hazina mwongozaji. Fan Control ikahamia draiva nyingine, PawnIO. Kama unalo toleo la zamani lisasishe, na usizime Defender kwa ajili ya feni, tafadhali sana.

Kwa Linux ujue kwamba pwmconfig, amri ya kuandaa fancontrol, inasimamisha feni moja moja ili kuzitambua, kwahiyo ifanye mashine ikiwa imepumzika, sio katikati ya kurenda.

Gharama bure, usumbufu ni saa moja au mbili za mwanzo za kutambua feni ipi ni ipi, maana zinaonekana kwa majina kama Fan #2 na wewe hujui ndo ya nyuma au ya mbele. Fungua kesi, ishushe moja, tazama ipi imepungua, ipe jina. Na sio kila mazabodi inakubali, baadhi chipu yake ya sensa haijajulikana na programu, hasa kwenye Linux, na zile kompyuta za ofisini za mtumba mara nyingi hazikubali kabisa.

Inamfaa nani? Mcheza gemu, mtu wa video na picha za 3D, mtu mwenye kadi kubwa kwenye kesi ndogo, na yeyote anayekaa sehemu ambayo mchana ni 32 na usiku wa Julai ni 22, maana anaweza kuhifadhi mipangilio miwili akawa anabadilisha kwa kubofya.

3. Kidhibiti cha nje na habu

Hapa watu wanachanganya vitu vitatu tofauti, na wauzaji wanavipa jina moja.

Kuna habu ya kawaida, kiboksi chenye matundu mengi ya feni kinachopata umeme kutoka kwenye waya wa SATA wa pawasapulai na kuchukua amri kutoka tundu moja la mazabodi. Haina akili yake, inanakili tu amri, na feni moja tu ndo inarudisha taarifa ya mizunguko. Faida yake ni umeme: tundu la feni kwenye mazabodi kwa kawaida linahimili ampea 1. Noctua NF-A12x25 inakula ampea 0.14 tu, hivyo feni tatu kwa waya wa Y (unaogawa tundu moja kwa feni kadhaa) hazina shida na habu huihitaji, lakini feni sita saba zenye taa ni hadithi nyingine. Angalia ampea kwenye stika ya kila feni, jumlisha, ndo uamue. Na nyingi za hizi hazishushi voltu, ukichomeka feni ya pini tatu itakimbia mwisho.

Kuna cha kuzungusha kwa mkono, kinafanya kazi kama regulata ya pangaboi ukutani. Kinamsikiliza nani? Wewe tu. Ukisahau ukaanza gemu feni ziko chini, hakuna wa kukukumbusha. Kizuri chake ni kwamba hakijali BIOS wala Windows, na kinaokoa mazabodi ya zamani au ya ofisini isiyo na ukurasa wa feni.

Kuna cha tatu chenye akili, kinachomekwa USB. Mfano QUADRO ya Aqua Computer, ina njia nne za feni na matundu manne ya sensa za joto za waya, na mstari wako unakaa kwenye kumbukumbu yake yenyewe, Windows ikifa chenyewe kinaendelea. Ila elewa vizuri: kinaendelea kwa zile sensa zilizochomekwa kwake. Ukikiambia kifuate joto la kadi ya picha, hiyo taarifa inaletwa na programu, programu ikizima taarifa inakatika. Kwahiyo kinang'aa kweli kwa mtu wa kupoza kwa maji, maana sensa ya maji inachomekwa pale pale na joto la maji linapanda polepole, feni zinatulia zenyewe.

Gharama inaanzia bei ndogo ya habu mpaka bei ambayo ungepata feni mbili tatu nzuri kwa cha akili. Usumbufu ni nyaya, na sehemu ya kukibandika. Kwa chumba cha joto, habu inafuata utakavyochora kwenye BIOS, cha mkono kinafuata kumbukumbu yako, na cha akili ukikiwekea sensa moja mbele hewa inapoingilia kinaweza kuijua hali ya chumba kuliko njia nyingine zote. Feni ya prosesa iache kwenye tundu la CPU_FAN hata ukinunua kidhibiti, ukiihamisha mazabodi nyingi zitakulalamikia wakati wa kuwaka kwamba hakuna feni.

Inamfaa nani? Mwenye feni nyingi, mwenye mazabodi yenye matundu mawili tu, mtu wa kupoza kwa maji.

4. Waya wa kupunguza kasi

Huu ni kipande cha waya chenye rezista ndani, unakiweka katikati ya feni na mazabodi. Noctua wanaweka kwenye boksi la feni zao kadhaa. NF-A12x25 ya mizunguko 2,000 ukiiwekea inashuka mpaka 1,700, na kelele kwa vipimo vyao inatoka desibeli 22.6 mpaka 18.8.

Hausikilizi joto la mtu yeyote, unapunguza ukomo wa juu tu. Hauna cha kufeli. Bei ni ndogo au bure. Kwa chumba cha nyuzi 32 naona ni wa kufikiria mara mbili, kwasababu unaondoa kasi ya juu ambayo ndo utaihitaji siku ya joto kali, na kuirudisha mpaka ufungue kesi. Unamfaa mwenye feni ya nyuma ya pini tatu inayokimbia bila sababu, au mazabodi isiyo na mipangilio yoyote.

Ujue tu kwamba feni ukiipunguza kasi nusu, hewa inapungua karibu nusu lakini kelele inashuka kama desibeli 15, ambayo kwa sikio ni kubwa sana. Ndo maana feni tatu za taratibu zinaishinda feni moja ya mbio, uwe umetumia njia yoyote kati ya hizi.

Kwa hali yako

Kama kadi yako ya picha inakula wati nyingi kuliko prosesa na unacheza gemu au unarenda, weka kwanza mstari salama kwenye BIOS, afu juu yake weka programu yenye mistari miwili. Siku programu ikikataa kuwaka unabaki na BIOS.

Kama huna kadi ya picha ya maana, unatumia ofisi na brauza na filamu, ishia BIOS, ongeza muda wa kusubiri, basi.

Kama unamuundia mtu mwingine, BIOS, betri mpya, na mwachie ile picha ya mipangilio kwenye simu yake.

Una matundu mawili na feni sita: habu, na iongoze kwa BIOS au programu kupitia tundu moja. Kama unataka feni za mbele ziwe na mwendo tofauti na za juu, habu moja haitoshi, hapo ndo angalia kidhibiti chenye akili.

Unatumia Linux peke yake, jaribu amri ya sensors uone kama kasi za feni zinaonekana. Zikionekana endelea na CoolerControl, zisipoonekana rudi BIOS na usipoteze wikiendi yako.

Mashine ni ya ofisini ya mtumba uliyoiongezea kadi, na BIOS haina ukurasa wa feni: feni ya kesi ya ziada iweke kwenye kidhibiti cha mkono au waya wa kupunguza, iwe na kasi moja ya kati muda wote, kama asilimia 60 hivi. Sikiliza usiku nyumba ikiwa kimya, ndo utajua kama ni sawa.

Na kama uko Arusha, Iringa au Limuru ambako baridi inakusaidia, punguza nyuzi tano tano kwenye mstari nilioandika kule kwenye BIOS uone unavyokaa.